Aisling maana yake nini, na yule mwanamke anayetokea njiani ni nani

Aisling inatamkwa "ashling", ni neno la Kiairishi na maana yake ni ndoto au maono, ile hali unaona kitu mbele yako na hujui kama ulikuwa umelala au uko macho. Siku hizi ni jina la mtoto wa kike pia. Ila kwenye ushairi ni aina kamili ya shairi yenye mpango unaojirudia: mshairi yuko peke yake, labda kando ya mto, labda kwenye njia isiyo na watu, amechoka na ana huzuni, usingizi unampitia au ukungu unamzunguka, alafu anatokea mwanamke. Uzuri wake si wa hapa duniani. Waairishi wanamwita spéirbhean, yaani mwanamke wa angani. Mshairi anamsifia nywele, macho, mashavu, anamuuliza we ni nani, ndo yule Helen aliyepiganiwa vita kule Troy, au ni Deirdre wa hadithi za wazee? Anajibu hapana, mimi ni Ireland, mume wangu halali yuko ng'ambo ya bahari na mimi nimebaki mikononi mwa wageni, ila atarudi.

Ukilisoma harakaharaka utasema ni shairi la mapenzi. Ukipewa historia kidogo utasema aah kumbe siasa. Yote mawili yamo, lakini bado hujafika, maana huyo mwanamke ana umri mkubwa kuliko siasa yenyewe, mizizi yake ni mungu wa kike wa nchi, na usipomjua huyo mungu nusu ya shairi inakupita.

Sisi kwa Kiswahili tuna bahati moja, neno letu "nchi" linabeba ardhi na dola kwa pamoja. Waairishi wa kale waliwaza hivyohivyo ila wao nchi walimpa mwili wa mwanamke. Kuna masimulizi yao ya kuhusu watu waliovamia kile kisiwa zama kwa zama, yalikusanywa na kuandikwa karne ya 11, na humo wageni wa mwisho kufika, wana wa Míl, wanakutana na malkia watatu, Banba, Fódla na Ériu, kila mmoja anaomba kitu kimoja tu, kisiwa kiitwe kwa jina lake. Anayekubali ombi lao ni mshairi, Amergin. Si mfalme, si jemadari, ni mshairi ndo anatoa ahadi. Na ahadi imetimia mpaka leo, jina Éire, ndivyo Ireland inavyoitwa kwa Kiairishi, limetoka kwa Ériu, na hao wawili wengine washairi waliendelea kuwatumia kama majina ya Ireland kwa mamia ya miaka.

Sasa kama nchi ni mwanamke, mfalme ni nani? Ni mume. Walikuwa na kitu kinaitwa banais ríghe, harusi ya ufalme, mfalme anapotawazwa anahesabika ameoa ardhi yake, na kule Tara palipokuwa makao matukufu ya ufalme palikuwa na karamu ya namna hiyo. Ndoa hii ina masharti. Mfalme akihukumu kwa haki maziwa yanakuwa mengi, nafaka inajaa, mito inatoa samaki, akidanganya au akidhulumu vyote vinakauka, kwa hiyo mke ana sauti kubwa sana hapo, ardhi yenyewe ndo inatoa ripoti ya mume wake.

Hadithi inayolionyesha hili vizuri ni ya Niall, yule aliyekuja kuitwa Niall wa Mateka Tisa. Yeye na ndugu zake wanne wametoka kuwinda, wamekula nyama, kiu imewabana, wanakwenda mmojammoja kutafuta maji. Kila anayefika kisimani anamkuta bibi kizee anatisha, mweusi kama makaa, meno yamechakaa, anawaambia maji nitakupa ila unibusu kwanza. Wanakataa. Mmoja anambusu juujuu tu, anaahidiwa kaheshima kadogo hapo Tara. Akafika Niall, yeye akasema nitakubusu na kulala na wewe nitalala, akamkumbatia, na alipomtazama tena alikuwa mwanamke mzuri kuliko wote duniani. Akamuuliza we ni nani. Akamwambia mimi ni Ufalme.

Mimi hapo ndo huwa nasimama, maana jibu lenyewe ni la ajabu, hakusema mimi ni malkia wala mimi ni mungu, alisema mimi ndo hicho kitu chenyewe unachokitafuta, na kabla hujakipata umekiona kwanza katika ubaya wake.

Huyo kizee ana shairi lake pia, na kwangu ni katika mashairi makubwa ya Ulaya yote ya zamani. Anaitwa Cailleach Bhéara, Bibi Kizee wa Beara, Beara ni ile rasi ya kusini magharibi mwa Ireland, na shairi linakadiriwa ni la kama mwaka 900 hivi. Neno cailleach limetoka kwenye shela, kitambaa cha kujifunika kichwa, kwa hiyo linaweza kuwa mtawa na linaweza kuwa ajuza, na shairi linacheza na maana zote mbili. Anaongea mwenyewe kwa nafsi ya kwanza, anasema maji yanakupwa kwangu kama bahari inavyokupwa. Anaangalia mikono yake, mifupa mitupu, anasema hii iliwahi kukumbatia wafalme. Nilikunywa nao pombe ya asali na divai, leo nakunywa maji ya mtindi katikati ya vikongwe waliosinyaa. Mtu wa pwani atalielewa shairi hili haraka kuliko mwingine, maana linakwenda kwa kupwa na kujaa, anasema bahari ikikupwa itajaa tena, mimi sitegemei kujaa tena.

Watu wakiulizia uungu wa kike wa Kikelti, yaani wa zile jamii za kale za Ulaya ambazo Waairishi wamo, wengi wanaanza na Brigid, na ni sawa, kamusi ya Kiairishi ya karibu mwaka 900 inamtaja kuwa ndiye washairi walimwabudu, na ana dada wawili wenye jina hilohilo, mmoja wa uganga mmoja wa uhunzi. Ila tofauti ishikeni: Brigid anampa mshairi shairi, wakati mwanamke wa aisling yuko ndani ya shairi lenyewe akiongea. Ukichanganya hao wawili, kama yanavyofanya maandishi mengi ya kuuza mishumaa na kadi za uaguzi, unabaki na mama mmoja mpole asiye na historia, na hawa wana historia nzito.

Historia yenyewe ni hii. Mwaka 1601 machifu wa Kiairishi wanashindwa vita na Waingereza pale Kinsale, 1607 wakubwa wao wanapanda meli na kuondoka, baadaye anakuja Cromwell, jemadari wa Kiingereza, na jeshi lake, alafu 1690 James wa Pili, mfalme wa Uingereza aliyeng'olewa, Mkatoliki mwenzao, anashindwa pale mto Boyne na kukimbilia Ufaransa, 1691 mji wa Limerick unasalimu amri. Ardhi inabadilisha wenyewe, Wakatoliki wanawekewa sheria za kuwabana, na washairi, ambao walikuwa wanasomea fani hii miaka mingi na kutunzwa na machifu, wanajikuta hawana wa kumsifu wala wa kuwalisha. Mungu wa kike wa nchi kabaki bila mume. Hapo ndo aisling ya kisiasa inazaliwa, wanamchukua yule bibi harusi wa wafalme wanamfanya mjane au mke aliyetekwa, na mume anayesubiriwa anakuwa mtu wa ukoo wa James, ukoo wa Stuart, uliotokea Uskoti na sasa uko uhamishoni.

Kwa nini wasiseme waziwazi? Sisi tuliokua na mafumbo ya mashairi na taarab hatuhitaji kuelezwa sana, unamwimba ua kumbe unamsema mtu, mwenye kujua anajua. Kwao jina la mwanamke tu lilitosha, Róisín Dubh, yaani ua waridi dogo jeusi, au Caitlín Ní Uallacháin, ukiimba kilabuni ni wimbo wa msichana, na wote mliomo ndani mnajua msichana ni nani.

Bingwa ni Aogán Ó Rathaille wa Sliabh Luachra, Kerry, alizaliwa kama 1670. Alishuka kutoka kuheshimiwa mpaka ufukara, kuna shairi lake anakaa kwenye kibanda kando ya bahari usiku wa mvua, mawimbi yanampigia kelele, anasema anakula papa wadogo na samaki wa kombe, chakula ambacho ujanani hakukizoea. Mtu huyo ndo aliandika Gile na Gile. Jina lenyewe tu gumu kulihamisha, ni kama mng'ao wa mng'ao, sisi tungesema nuru juu ya nuru, na ubeti wa kwanza wote unakwenda hivyo, kioo cha kioo ndo macho yake, utamu wa utamu ndo sauti yake, irabu zilezile zinarudi mstari kwa mstari kwenye nafasi zilezile kama ngoma.

Angalia sasa anavyofanya. Mwanamke anamkuta njiani pasipo watu, anampa habari tatu: habari ya kurudi kwa mwenye haki, habari ya kuangamia kwa waliomfukuza, na habari nyingine ambayo mshairi anasema sitaitia kwenye beti zangu kwa hofu niliyonayo. Hiyo ya tatu haisemwi kabisa, shairi linaisha hujaijua. Mshairi anamsogelea, anaogopa, anataja jina la Mwana wa Maria ajiokoe, na kwa kulitaja tu mwanamke anaruka kama cheche na kutoweka kuelekea makao ya majini wa Luachra. Ni mungu wa kale huyo, jina la Yesu linamfukuza, na mshairi ni Mkristo lakini anamkimbilia, anapita kwenye matope moyo unadunda, anafika kwenye nyumba ya uchawi, viumbe wanamcheka na kumfunga minyororo, na pale anamwona yeye, nuru yake, ameshikwa kifuani na jitu zito lisilo na adabu. Anamwambia haikufai kufungwa na mtu kama huyu wakati aliye bora mara tatu katika damu ya Uskoti anakungoja uwe mkewe. Anaposikia hayo, mwanamke analia. Basi. Hakuna kuokolewa, shairi linaisha na maumivu, na nguvu yake ninaiona hapo kwa sababu aisling nyingi za baadaye zinaishia kwa ahadi ya meli kutoka Ufaransa, huyu hakujidanganya.

Kwenye eneo hilohilo la Sliabh Luachra alizaliwa 1748 Eoghan Rua Ó Súilleabháin, mwalimu, kibarua wa mashambani, baharia kwenye jeshi la majini la Uingereza, na huyu ndo aliishusha aisling kwa watu wa kawaida kwa kuitungia kwenye mahadhi ya nyimbo walizokuwa wanazijua. Alikufa mwanzoni mwa miaka ya 1780 baada ya kupigwa kichwani kwenye ugomvi na koleo la kushikia makaa. Wakati wake habari za Stuart zilikuwa zimekwisha tangu waliposhindwa vita vya Culloden kule Uskoti 1746 ila mwanamke aliendelea kutokea tu. Na kwenye mwaka 1780 hivi Brian Merriman kule Clare akaigeuza kabisa, mshairi analala kando ya ziwa kama kawaida, anayemwamsha si mrembo ni mwanamke jitu, anamburuta mpaka kwenye mahakama ya Aoibheall, malkia wa majini, na wanawake wenyewe wanasimama kuwashtaki wanaume kwa kutokuwaoa.

Karne ya 20 ndo maswali yakawa mazito. Eavan Boland, mshairi aliyezaliwa Dublin 1944 na kufariki 2020, aliuliza mimi mwanamke ninayetaka kuandika nitaingilia wapi, kama kila shairi la taifa langu mwanamke ndo nchi, ndo pambo, ndo ndoto, na anayeota ni mwanaume? Ireland ilipokufa njaa kuanzia 1845 wanawake waliozika watoto wao hawakuwa wa angani.

Alisimulia kwamba alipokuwa mwanafunzi alikwenda kukaa kisiwani Achill kwenye nyumba ndogo ya kuazima isiyo na maji, na jioni mwanamke mmoja wa pale alikuwa anampandishia maji kwa ndoo. Wakasimama kuongea, yule mwanamke akamsimulia habari za ile njaa. Alafu Boland akaingia ndani, akarudi kukariri washairi wa Kiingereza wa enzi za wafalme. Miaka mingi baadaye ndo akagundua alikuwa amempa kisogo nani, akamwandikia shairi. Hamna nywele za dhahabu humo wala kioo cha kioo. Mwanamke anapanda kilima na maji yake, sweta la sufu limefungwa vifungo nusu, kitambaa cha kufutia vyombo kiko kiunoni.