Namba za mgongoni mwa saa kongwe: yasemwayo na yalivyo

Mjini Unguja, saa za Seiko zilizoletwa na jamaa kutoka Maskati na Dubai bado zimo makabatini. Siku ya kuuzwa, saa hugeuzwa, namba ikasomwa kwa kubahatisha, na mali ya mzee ikaenda kwa bei ya kutupa. Inaniuma, kwa sababu namba zile zinasomeka.

Wengi hudhani ni mwaka: saa yenye 7009 huambiwa ya 1970. Sivyo. Kwenye Seiko za zama hizo tarakimu nne za mwanzo ni za aina ya mashine ya ndani, na nne baada ya kistari ni za kasha, yaani bodi ya nje. Chukua 6309-7040, saa ya kuzamia: 6309 ni mashine, 7040 ni kasha lake. Mwaka umo kwenye namba nyengine, ile ya tarakimu sita au saba. Ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi. Oktoba, Novemba na Disemba huwa O, N na D. Ikianza na 34, ni Aprili ya mwaka unaoishia na 3. Muongo gani? Hiyo 6309-7040 ilitengenezwa 1976 hadi 1988, basi ni 1983 tu. Ikianza na 7, utabaki na 1977 na 1987 mpaka upate ushahidi mwengine.

"Namba ya uso hailingani na ya mgongoni, hii feki!" Kauli hii imeshakosesha watu saa halali. Chini kabisa ya uso wa Seiko pana maandishi madogo mno. Nne za mwanzo ndizo kwa kawaida zinazolingana na za mgongoni, maana ni za mashine. Zinazofuata ni za uso wenyewe, si za kasha, na kutofautiana kwake si kasoro.

Zipo pia alama za dhahabu na chuma: 750 ni dhahabu ya karati 18. Lakini 20 MICRONS ni unene wa dhahabu iliyopakwa juu tu, na STAINLESS STEEL BACK inazungumzia kifuniko cha nyuma peke yake.

Na Rolex ya miaka ya 1960 au 1970 isiyo na namba mgongoni usiikatae. Toa mkanda kwanza: kwenye kasha, pale mkanda ulipokuwa, upande wa kumi na mbili utakuta namba ya aina, upande wa sita namba ya saa yenyewe.