Kwa nini mfanyakazi akigombwa hujibu "hewala", kisha kosa likarudi?

Tuseme ni hoteli ya Paje, Unguja, mwezi wa Agosti, vyumba vimejaa. Friji ya samaki imezimika saa nane usiku. Mlinzi ameona, kijana wa jikoni naye ameona, lakini meneja anakuja kujua saa tatu asubuhi, changu na pweza wameshaharibika. Anafoka mbele ya wapishi na wahudumu: "Nyinyi hamna akili? Mara ngapi nimesema?" Wote wanainamisha vichwa. "Hewala, bosi." Anaondoka akiamini ameeleweka.

Hakueleweka. Hewala haigombi, wasema wazee, na pale ilitumika kwa kazi hiyohiyo: kuuzima ugomvi. Haikuwa ahadi.

Sababu ya kwanza imo mwilini. Mtu akifokewa, adrenalini na kotisoli, homoni za mshtuko, hupanda na moyo huenda mbio, kana kwamba yuko hatarini. Mwanasayansi wa Marekani Walter Cannon alieleza zaidi ya miaka 100 iliyopita kwamba mwili hapo hujiandaa kupigana au kukimbia. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima mambo na kushika maelekezo, hupungua nguvu. Basi hata ukisema la maana, umelisema dakika ambayo mwenzako hawezi kulishika. Atakachokumbuka ni sura yako, na nani alikuwepo.

Na huku Unguja na Pemba, hilo la nani alikuwepo ndilo zito. Mpishi na mhudumu huenda ni mashemeji. Jioni watakaa baraza moja, na habari itafika nyumbani kabla ya mwenyewe. Aliyetahayarishwa mbele za watu hajibu. Hunyamaza, na siku ya pili akiona kitu kimeharibika hupita kama hakukiona.

Kimya hicho kina gharama. Katika miaka ya 1990 Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, alichunguza makosa ya dawa hospitalini. Alitarajia timu zenye maelewano mazuri ziwe na makosa machache. Takwimu zikamwonyesha kinyume: ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba huenda hazikukosea zaidi, ila watu wake hawakuogopa kusema. Kwa hiyo meneja asiyeletewa habari mbaya hata siku moja asijipongeze haraka.

Afanyeje basi? Kwanza angoje. John Gottman, mtafiti wa mambo ya ndoa, huwashauri wanandoa waliopandwa na hasira wapumzike angalau dakika 20, na sioni kwa nini jiko la hoteli liwe tofauti na nyumba. Kisha amwite mhusika pembeni, amsalimie kama kawaida, aulize, "Imekuwaje?" Swali hili hufungua hadithi, "kwa nini umefanya hivi?" humfanya mtu ajitetee. Ataje kilichotokea bila kumbandika mtu jina: friji ilizimika saa nane, mimi nimejua saa tatu. "Wewe mzembe" haitengenezi friji. Mwezi wa Ramadhani, mazungumzo ya namna hii yasiwekwe saa kumi jioni. Yawekwe asubuhi, au baada ya futari.

Utulivu si kuachia. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Nambari 11 ya 2005, na mwenye kukosa kweli achukuliwe hatua kwa utaratibu na kwa maandishi. Sauti ya juu haimo katika utaratibu huo.

Mwisho wa mazungumzo wengi huuliza, "Umefahamu?" Jibu unalijua. Uliza badala yake, "Ikizimika tena leo usiku, utampigia nani?" Akisita, kuna jambo bado hajaambiwa, pengine hana hata nambari yako, au simu yake haina salio.