Fuata kamba ya mwani

Kila mwaka mwanafunzi mmoja huniuliza: ukisoma harakati za wanawake wa dunia nzima, si utaishia kuwavisha wote sare moja? Ndiyo hatari yenyewe. Mwaka 1984 Chandra Talpade Mohanty, msomi mzaliwa wa India, aliwakosoa waandishi wa Magharibi waliomchora "mwanamke wa Dunia ya Tatu" kuwa mtu mmoja tu: fukara, hajasoma, kafungwa na mila. Ukimtazama hivyo, bibi wa Makunduchi, hapa Unguja, hana jina wala kazi.

Ufeministi wa kuvuka mipaka hauulizi nani yuko huru zaidi, mwanamke wa Jambiani, kijiji cha pwani ya Unguja, au wa Denmark. Unauliza wameunganishwa na nini. Mimi hufundisha kwa kamba ya mwani, ile inayofungiwa mbegu baharini.

Mwani wa biashara ulianza kulimwa pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Wakulima wengi ni wanawake. Ukishakauka husafirishwa ng'ambo, ukatolewa ute wa kuzitisha dawa ya meno na aiskrimu. Bei haipangwi Jambiani.

Mohanty huyo huyo aliusifu utafiti wa mwanasosholojia Mjerumani, Maria Mies, kuhusu wafumaji wa lesi wa Narsapur, India. Walifumia soko la dunia, lakini walihesabiwa mama wa nyumbani wanaopitisha wakati. Nikifika hapo nasikia baraza zetu: "Mke wangu hana kazi, anakwenda pwani tu." Tu! Bamvua nzima mgongo umeinama, maji magotini.

Halafu bahari imepata joto. Kotonii, mwani wenye bei nzuri, hufa kwenye maji ya kina kifupi. Kuulima sasa kunataka kina kirefu, chombo na kujua kuogelea. Nani alimfundisha mtoto wa kike kuogelea? Soko, tabianchi na malezi, vyote vimefungwa kwenye kamba moja.

Mikutano mikubwa ya Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake nayo tunaisoma, Nairobi 1985 na Beijing 1995, huu wa pili Katibu Mkuu wake akiwa Mtanzania, Gertrude Mongella. Lakini siyo tunayoanza nayo.

Muhula huu niliwatuma wanafunzi wakaulize pwani: bei anapanga nani? Mmoja alirudi na jibu la bibi yake: "Mwenye mizani." Na yeye anaambiwa na nani? Bibi hajui, mwenye mizani naye alipoulizwa akacheka. Wiki ijayo tunaanzia hapo kwenye mizani.