Haidrojeni sio tatizo, tatizo ni oksijeni

Watu wakisikia nafanya utafiti wa vichocheo (vitu vinavyoharakisha mmenyuko bila vyenyewe kutumika) vya kugawa maji kwa umeme swali la kwanza hua ni lile lile, "kwa hiyo mnatengeneza haidrojeni?" Ndio tunatengeneza, lakini ukweli usemwe haidrojeni ndo sehemu rahisi. Muda wangu mwingi maabara unaishia upande wa pili wa chombo, kwenye anodi, pale inapotoka oksijeni ambayo hata hatuihitaji, mara nyingi inaachiwa tu iende zake hewani.

Ngoja nieleze taratibu. Ukitia elektrodi mbili, yaani vipande viwili vya kupitishia umeme, kwenye maji yenye asidi au alkali ukapitisha umeme, kathodi inatoa haidrojeni na anodi inatoa oksijeni. Hii ilijulikana tangu 1800, William Nicholson na Anthony Carlisle waliifanya kule Uingereza mara tu baada ya kusikia habari za betri ya Volta. Hesabu za nishati zinasema volti 1.23 zinatosha. Sasa kaangalie mtambo wenyewe, utakuta unakula 1.8 mpaka 2. Hiyo tofauti ndo inanilipa mshahara, maana nyingi inaishia kuwa joto. Kilo moja ya haidrojeni inakupa kama kilowati-saa 33 za nishati, ila kuipata unatoa umeme wa kilowati-saa 50 hadi 55, alafu ukiirudisha kuwa umeme kwenye seli ya fueli unapoteza karibu nusu tena.

Volti za ziada zinaenda wapi? Mmenyuko hauendi kwa mkupuo, unaenda hatua kwa hatua, na kila hatua kuna kitu kinabidi kikae kwanza juu ya metali. Upande wa haidrojeni hatua ni chache: protoni, yaani haidrojeni iliyokosa elektroni yake, inachukua elektroni, inakaa juu ya metali kama atomi, inapata mwenzake, wanaondoka pamoja wakiwa gesi. Metali ikiishika kwa ulegevu haikai, ikiing'ang'ania haitoki. Hiyo ndo kanuni ya Sabatier, yule Mfaransa Paul Sabatier aliyepata Nobel 1912, na platini imebahatika kuwa karibu kabisa na pale katikati. Zebaki na risasi ziko mbali sana, kasi yao ya kutoa haidrojeni ukilinganisha na platini ni ndogo zaidi ya mara milioni mia. Na hapo kuna kitu nakipenda sana: ule ubovu wa risasi ndo unafanya betri ya gari iwezekane. Kila chumba cha betri ile kina volti kama 2 ndani ya tindikali yenye maji, kama risasi ingekua kichocheo kizuri basi betri ingekua inachemsha gesi tu badala ya kutunza chaji.

Haya, twende kwenye oksijeni, huku ndo kwenye kazi.

Kupata molekuli moja ya oksijeni unang'oa elektroni 4, na katikati kuna vitu vitatu vinavyopokezana juu ya kichocheo: kwanza oksijeni yenye haidrojeni moja, kisha oksijeni peke yake, kisha oksijeni mbili zenye haidrojeni moja. Sasa shida ni kwamba cha kwanza na cha tatu vyote vinashikilia metali kwa oksijeni, kwa hiyo vimefungwa pamoja kama magunia mawili kwenye kamba moja, ukilinyanyua hili na lile linapanda. Ili mambo yaende bila hasara pengo la nishati kati yao lingetakiwa liwe elektroni-volti 2.46 (kipimo cha nishati ya elektroni moja), ila ukipima au ukikokotoa kwa oksaidi, yaani metali iliyoungana na oksijeni, moja baada ya nyingine unakuta liko kwenye 3.2 na haliendi popote. Ziada hiyo ukiigawa kwa hatua mbili zilizopo katikati unapata karibu volti 0.37 ambazo unazilipa hata ukiwa na kichocheo bora kabisa cha aina hiyo. Kwa hiyo mtu akiniambia amepata metali mpya itakayomaliza tatizo namuuliza kwanza, umelivunja lile pengo au umebadilisha tu metali?

Na hapo bado hatujaongelea uimara. Mitambo ya kisasa yenye utando wa kupitisha protoni ina asidi kali, weka na volti za anodi juu yake, karibu kila metali ya bei rahisi inayeyuka, chuma, nikeli, kobalti zote kwaheri. Rutheniamu inafanya kazi vizuri kuliko iridiamu lakini nayo inaliwa. Inabaki iridiamu, na iridiamu dunia nzima inachimbwa kama tani 7 au 8 tu kwa mwaka, nyingi Afrika Kusini, tena inapatikana kama masalia ya kuchimba platini, huwezi tu kuamua uongeze uzalishaji kisa bei imepanda.

Kwenye alkali mambo ni nafuu, nikeli yenye chuma ndani yake inafanya vizuri ajabu. Na hii nikeli ina kisa chake, watu walikua wanasifia nikeli kumbe ni chuma! Dennis Corrigan alionyesha 1987 kwamba uchafu kidogo tu wa chuma unaongeza nguvu ya nikeli, alafu 2014 kundi la Shannon Boettcher chuo kikuu cha Oregon likaisafisha potasiamu haidroksaidi, ile alkali inayowekwa kwenye maji, ikatoka chuma chote, na nikeli ikawa kichocheo cha kawaida tu. Potasiamu haidroksaidi ya dukani, hata ile iliyoandikwa safi, ina chuma cha kutosha kukudanganya.

Ndo maana mi nikisoma ripoti mpya naanza na sehemu ya jinsi walivyopima kabla sijaangalia grafu. Mtu anatangaza kichocheo cha haidrojeni kisicho na platini, alafu elektrodi ya upande wa pili ameweka waya wa platini. Waya unayeyuka kidogo kidogo, platini inasafiri kwenye maji na kujipaka juu ya sampuli yake, na sampuli kila siku inazidi kuwa nzuri. Bana, weka kijiti cha grafaiti. Wanaotengeneza amonia kutoka naitrojeni ya hewani wana balaa kubwa zaidi, maana amonia ipo kwenye pumzi na kwenye glavu, ndo maana siku hizi wanatakiwa kurudia kwa naitrojeni-15, aina nzito ya naitrojeni inayoweza kutambulika, waonyeshe amonia imetoka kweli kwenye gesi waliyoingiza. Wanaobadilisha hewa ya ukaa kwa umeme kidogo wako salama, wana shaba yao tangu Yoshio Hori wa Japani aonyeshe miaka ya 80 kwamba inatoa methani na ethilini, shida yao ni kwamba inatoa vitu vingi mno kwa pamoja.

Kitu kingine kinachonikera ni ile desturi ya kupima kwenye miliampea 10 kwa sentimita mraba. Ilitokana na vifaa vya jua na kwa kulinganisha inafaa, ila mtambo wa utando unaendeshwa kwenye ampea 1 hadi 2 kwa sentimita mraba hiyo hiyo, na unatarajiwa ufanye kazi makumi ya maelfu ya saa, sio saa 24 za kwenye ripoti. Alafu umeme wenyewe ni wa jua na upepo, unakuja na kuondoka. Mtambo ukizimwa, haidrojeni iliyopenya kwenye utando inaifikia anodi na kuigeuza sehemu ya iridiamu oksaidi kuwa metali, ukiwashwa ile metali inageuka tena oksaidi, na kwenye mageuzi hayo ndo inayeyuka kwa wingi kuliko mtambo ukiachwa umewashwa muda wote. Kwa hiyo siku hizi napima zaidi metali iliyoyeyuka ndani ya maji kuliko mkondo wa umeme wenyewe, na mpangilio wa vichocheo vyangu, kipi bora kipi hafifu, umebadilika sana tangu nianze kuwasha na kuzima.