Katuni ya mfululizo: hadithi ya fremu nne kwa siku

Katuni ya mfululizo ni hadithi ya picha inayotolewa gazetini kipande kidogo kila siku, na msomaji asubiri kesho ndipo ajue kilichompata shujaa. Si kibonzo cha kuchekesha kinachoanza na kwisha papo hapo. Enzi zake hasa ni miaka ya 1930 na 1940 nchini Marekani, magazeti yalipogombea wasomaji kwa visa vya marubani, maharamia na wapelelezi.

Udogo wake ndio ulioamua namna ya kusimulia. Mchoraji alikuwa na fremu tatu au nne tu. Ya kwanza ikumbushe tuliishia wapi, maana yupo aliyekosa gazeti la jana. Za katikati zisukume kisa. Ya mwisho imwache mtu roho juu: mlango unafunguka, kivuli kinaonekana, basi. Ni taharuki ileile tuliyofundishwa darasani, ila hapa ilibidi izaliwe upya kila siku. Jumapili ilikuwa na ukurasa wake wa rangi, na hapo ndipo palipokuwa na kazi, kwani wapo walionunua gazeti la Jumapili pekee na wapo ambao hawakuligusa kabisa. Mchoraji Milton Caniff, aliyeanzisha katuni ya Terry and the Pirates mwaka 1934, mwanzoni alisimulia visa viwili mbalimbali, kimoja cha siku za kazi na kingine cha Jumapili. Mwaka 1936 akaviunganisha. Tangu hapo Jumapili ilipaswa kusogeza hadithi bila kumpoteza asiyeiona. Jaribu wiki moja tu uone.

Michoro nayo ilizaliwa na shida. Karatasi ya gazeti ni duni, na mistari myembamba hupotea. Noel Sickles, aliyechangia studio na Caniff, aliacha kuhangaika na kila kifungo cha shati. Akashika brashi akamwaga weusi. Nusu ya uso gizani, nusu kwenye mwanga, yaliyobaki jicho la msomaji linajaza lenyewe. Caniff akaichukua mbinu hiyo, na wengi wakamfuata.

Mchoraji mwingine, Hal Foster, alishika njia yake. Katika Prince Valiant, iliyoanza 1937, hakuweka viputo vya maneno. Maelezo yanakaa kando ili ngome na misitu ipate nafasi. Binafsi naifurahia zaidi kwa macho kuliko kwa kuisoma.

Tarehe 16 Oktoba 1941 Caniff alimuua mhusika wake Raven Sherman. Mtu wa wino mtupu, lakini barua za wasomaji waliofiwa zilimiminika.