Corn dog jikoni kwetu: yasemwayo na yaliyo kweli

Maonyesho ya kilimo ya Mkomani, hapa Mombasa, yakikaribia, watoto wa mtaani kwetu huanza kuniuliza ile soseji ya kijiti waliyoiona kwenye simu, iliyovikwa unga wa mahindi na kukaangwa hadi ikawa ya hudhurungi. Wamarekani huiita corn dog. Nimeshaipika mara nyingi, na nimesikia mengi juu yake yasiyo kweli. Mengine huwanyima watu chakula kitamu, mengine huwachoma mikono.

"Hiyo ni haramu, hata jina lina mbwa."
Jina limetoka kwa hot dog, jina la utani la soseji inayotiwa ndani ya mkate huko Marekani. Mbwa hahusiki. Nyama unachagua mwenyewe: soseji ya ng'ombe au ya kuku yenye alama ya halali yafaa kabisa, nami situmii nyingine.

"Ilibuniwa Texas."
Ndugu wawili, Neil na Carl Fletcher, ndio walioipa umaarufu kwenye maonyesho ya jimbo la Texas, mjini Dallas, kati ya 1938 na 1942. Lakini Stanley Jenkins wa Buffalo, New York, alikuwa ameshaomba hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, mwaka 1927, akaipata 1929, ya chombo cha kukaangia vyakula vilivyochomekwa vijitini na kuchovywa kwenye rojo la unga. Alitaja soseji, mayai ya kuchemsha, jibini, ndizi, hata tende. Tende! Hiyo ningependa kuiona ikijaribiwa hapa Pwani.

"Unga ni wa mahindi mtupu."
Hapa ndipo wengi wanapokwama. Unga wa mahindi hauna ule mnato wa ngano, kwa hiyo ukiutumia peke yake ganda hupasuka na kumeguka ndani ya karai. Changanya nusu kwa nusu. Mimi hutumia kikombe 1 cha unga wa ugali, kikombe 1 cha unga wa ngano, robo kikombe ya sukari, vijiko vidogo 4 vya beking pauda, chumvi kidogo, yai 1 na kikombe 1 cha maziwa. Liache rojo litulie dakika kumi ili unga wa mahindi unywe maziwa. Liwe zito kuliko la viazi karai, vile viazi vya kuvikwa rojo na kukaangwa, lianguke kutoka kwenye mwiko polepole kama asali. Unga wetu mweupe hautoi ile rangi ya dhahabu ya mahindi ya njano. Ukiitaka, tia bizari ya manjano kidogo sana. Kisha lijaze kwenye bilauri ndefu: soseji huzama wima na kuvikwa mara moja, bila kuhangaika na bakuli.

"Rojo likiteleza, ongeza unga."
Kosa mara nyingi ni maji yaliyo juu ya soseji. Ifute kwa kitambaa hadi ikauke, igaragaze kwenye unga wa ngano mkavu, ikung'ute, ndipo uichovye.

"Loweka vijiti kwanza."
Hili linanigusa kwa sababu nililifanya. Sisi tumezoea mishikaki, na vijiti vya mishikaki hulowekwa ili visiungue juu ya makaa. Nikaviloweka vya corn dog vilevile. Vilipoingia kwenye mafuta, maji yaligeuka mvuke na mafuta yakaniruka hadi kwenye kiwiko. Kwenye karai hakuna moto unaogusa kijiti, basi hakuna haja ya kukilowesha. Kiwe kikavu kabisa. Soseji ikizidi upana wa karai, ikate katikati.

"Soseji itaivia humohumo."
Haiivi. Ganda huwa tayari kwa dakika tatu au nne, na soseji mbichi hubaki mbichi katikati. Ichemshe kwanza hadi iive, ipoe, uikaushe. Smoki, zile soseji za moshi za dukani, huja zimeshaivishwa kiwandani, ndiyo maana ni rahisi zaidi.

"Mafuta yatoe moshi ndipo utie."
Yakitoa moshi yameanza kuharibika, na ganda litaungua nje likiwa bichi ndani. Yanayotakiwa ni nyuzi 175 hadi 190 za Selsiasi. Bila kipimajoto, dondosha tone la rojo: lizame kidogo, lipande haraka likichemka pembeni. Likikaa chini, mafuta bado, na ukitia sasa ganda litayanywa. Kaanga mbili au tatu kwa mara moja, kwani kila moja huyapoza. Ukizitoa, ziweke juu ya wavu zichuje. Zikilala kwenye sahani upande wa chini hulainika.

"Bila haradali si corn dog."
Haradali ndiyo desturi ya kwao. Watoto wangu huichovya kwenye ukwaju wenye pilipili, uleule wa viazi karai tunaokula jioni pale Mama Ngina, ufukweni mwa Mombasa, na bakuli la ukwaju ndilo huisha kwanza.