Spea si lazima iwe arobaini nyingine

Mwezi huu ni mara ya tatu. Tajiri wa mtumbwi anasimama mlangoni: "Fundi, nitafutie mashine nyingine ya farasi arobaini, iwe spea, ya akiba ile kubwa ikizima ziwani. Hiyo ya farasi nane unayonishauri itanifikisha wapi?" Nimechoka kujibu nikiwa nimepiga magoti kwenye oili, kwa hiyo naandika, na wa nne nitamtumia haya.

Itakufikisha mwaloni. Basi. Spea haiendi kuwahi wanunuzi wa soko la samaki la Kirumba, Mwanza. Mtumbwi wa mita 8 unaopasua maji, usioteleza juu yake, unaanza kugoma kwenye kilomita 12 na kidogo kwa saa. Kutaka kuupita mwendo huo ndiko kunakokula farasi wako wote. Ukikubali kwenda nusu ya mwendo, nguvu inayohitajika inashuka mpaka karibu sehemu moja ya nane. Ndiyo maana nane inaurudisha mtumbwi ambao arobaini ilikuwa inaukimbiza. Utafika jua limepanda na wenzako wameshauza. Si umefika?

Na arobaini inapita kilo 70. Mtu ananiambia ataibadilisha usiku, mawimbi yakipiga, yeye na vijana wawili waliolowa. Haya.

Mguu wa mashine, ule unaoshuka majini na propela: chukua mrefu, wa inchi 20. Spea hufungwa pembeni, na mtumbwi ukiyumba upande wake unanyanyuka, propela inakula hewa na mashine inalia bure. Propela yenyewe iwe ya kazi ya kusukuma, si ya mbio. Tuendelee.

Ninachogombana nacho kila siku ni mafuta. Mtu ananunua mashine ya pili kwa pesa nyingi, halafu anaichomeka kwenye tenki lile lile, kwa mpira ule ule wa mafuta! Kubwa imezima kwa nini? Mara nyingi plagi ni nzima na pistoni ni nzima. Ni maji ndani ya petroli, au uchafu wa dumu umeziba kabureta. Sasa unaipa spea kikombe alichonywea mgonjwa. Dakika kumi baadaye una mashine mbili zilizokufa na kasia moja. Spea iwe na tenki lake, mpira wake na chujio lake, na mafuta yaliyojazwa siku nyingine, ikiwezekana kituo kingine. Ukikosa pesa ya vyote hivyo, punguza ukubwa wa mashine, usipunguze tenki.

Kuna jambo jingine hapo hapo. Ikiwa kubwa yako haichanganyiwi oili na spea ni ya kuchanganya, lita 50 za petroli kwa lita 1 ya oili, ipo siku kijana atamimina petroli tupu gizani na pistoni itang'ang'ania ndani ya silinda. Nimeshafungua mashine kama hiyo, silinda imechanika kama imekwaruzwa na msumari. Madumu yawe ya rangi tofauti. Ama zote mbili ziwe za aina moja, lakini matenki bado mawili. Nasema tena kwa sababu najua mtaruka hapa.

Magugu maji ni hivyo hivyo: yakiziba njia ya maji ya kupozea kwenye kubwa, usishushe spea hapo hapo katikati yake. Pigeni kasia kwanza mpaka maji meupe.

Sasa ninaposita. Dhoruba za Ziwa Victoria hili letu hupenda usiku na alfajiri, wakati wa kuvua dagaa. Upepo wa usoni na mtumbwi uliojaa, hiyo nane inaweza kukushikilia pale pale tu, pua ikiangalia mawimbi. Kwangu hilo nalo ni kazi ya spea, maana mtumbwi usio na mashine hugeuka ubavu. Lakini kwa anayelala maji ya mbali nje ya Ukerewe na mtumbwi wa mita 10 namwambia kumi na tano, ingawa moyo wangu haujatulia na jibu hilo. Na wezi wa mashine? Tajiri akiniambia hataki kuporwa mbili kwa usiku mmoja, sina cha kumbishia. Wengine huificha chini ya nyavu.

Iwasheni kila wiki, ndani ya maji, siyo mchangani. Ukimaliza chomoa mpira, iache ingurume mpaka izime yenyewe, kabureta ikauke. Spea nyingi ninazoletewa zikiwa "mbovu" hazina ubovu wowote, mafuta ya zamani yamegandia kwenye kabureta tu.